Jimbo Likikuambia Usiogope

Mwaka 2014, katika mji mdogo wa Chanute, jimbo la Kansas nchini Marekani, mwanajeshi mmoja wa zamani aliingia duka la vifaa vya kijeshi akanunua kizuia mlio, kile kifaa kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki ili mlio upungue. Hakununua kwa kujificha. Alikifurahia hadi akaweka video yake Facebook. Na kwa nini ajifiche? Mwaka uliotangulia bunge la jimbo lake lilikuwa limepitisha sheria, na gavana Sam Brownback akaitia sahihi, iliyosema kwamba bunduki na vifaa vyake vilivyotengenezwa Kansas na kubaki Kansas haviguswi na sheria za serikali ya shirikisho. Afisa wa shirikisho atakayejaribu kutekeleza sheria ya Washington juu ya vifaa hivyo ndiye angekuwa mhalifu. Kifaa chenyewe kilitengenezwa hapo hapo Kansas. Jamaa akaona mambo yako sawa.

Hayakuwa sawa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 inataka kila kizuia mlio kisajiliwe, na wakati huo kilitozwa kodi ya dola 200. Yeye na mwenye duka walishtakiwa katika mahakama ya shirikisho. Walipotaka kujitetea kwamba walikuwa wakifuata sheria ya jimbo lao, jaji hakuwaruhusu kuutumia utetezi huo. Walipatikana na hatia mwaka 2016, wakapewa kifungo cha nje. Rufaa yao ilishindwa mwaka 2018, na Juni 2019 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi. Kosa lenyewe ni la jinai nzito, na sheria ya shirikisho humkataza mtu aliyepatikana na hatia ya aina hiyo kumiliki silaha. Yaani mtu aliyeiamini sheria ya kulinda wenye bunduki ndiye akapoteza haki ya kushika bunduki.

Wabunge waliopiga kura ya ndiyo hawakushtakiwa kwa lolote. Mwanasheria mkuu wa jimbo aliingia kwenye kesi kuitetea sheria, hilo alifanya. Lakini kwenye kizimba hakusimama yeye.

Kila wanaposema Marekani kwamba marufuku mpya ya bunduki inakuja, mimi humfikiria huyu mtu wa Chanute. Mjadala huwa ni ule ule: je, silaha kama AR-15 zipigwe marufuku au zisipigwe? Hilo ni swali kubwa na sina nia ya kulimaliza hapa. Kuna swali jingine dogo ambalo halipati wasemaji. Serikali mbili zikiwa juu ya kichwa cha mtu mmoja, na moja ikamwambia "usiogope, hiyo sheria ya wale haikuhusu," ni deni gani linaloingia kati ya serikali hiyo na mtu huyo?

Kwa msomaji wa Kenya inafaa nieleze kidogo, maana kwetu jambo hili halina mfano wa karibu. Gavana wa kaunti hana polisi. Usalama uko mikononi mwa serikali ya kitaifa, na hata kama gavana angechukia sheria ya silaha namna gani, hawezi kumwambia OCS asiitekeleze. Marekani ni tofauti. Majimbo yana mabunge yao, mahakama zao, sheria zao za jinai, na polisi walio wengi ni wa majimbo, kaunti na miji. Vyombo vya polisi nchini humo ni takriban 18,000. Shirika la shirikisho linaloshughulikia silaha, ATF, lina wafanyakazi kama 5,000 nchi nzima, na hao ni pamoja na wale wa ofisini. Bunduki zilizo mikononi mwa raia zilikadiriwa mwaka 2018 na watafiti wa Small Arms Survey kuwa milioni 393. Piga hesabu mwenyewe. Washington ikitaka sheria yake ya bunduki ifike kijijini, inahitaji mkono wa sherifu wa pale.

Na sherifu anaweza kukataa. Mwaka 1993 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Brady, na katika kipindi cha mpito, kabla mfumo wa kitaifa wa kompyuta haujawa tayari, wakuu wa polisi wa mitaa waliagizwa wamchunguze kila anayetaka kununua bastola. Masherifu wawili, Jay Printz wa Montana na Richard Mack wa Arizona, walienda mahakamani. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji Scalia ndiye aliyeandika uamuzi: serikali ya shirikisho haiwezi kuwageuza maafisa wa majimbo kuwa watumishi wake. Sheria ya shirikisho iko juu ya sheria ya jimbo, sawa, lakini Washington iitekeleze kwa mikono yake yenyewe.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Jimbo linaweza kusema, "Sitakusaidia." Haliwezi kusema, "Sheria yako hapa si sheria." Ukiwa mbali sentensi hizi mbili zinafanana. Kwa mtu wa Chanute, umbali kati yao ulikuwa umbali kati ya nyumbani na mahakamani.

Wapo wanaosema kwamba hata hilo la kwanza ni uoga uliovikwa suti. Kama sheria ni sheria, kusimama kando huku inavunjwa ni kuivunja. Mimi sikubali, na sababu yangu haitoki kwenye bunduki. Inatoka mwaka 1842.

Margaret Morgan alikuwa mwanamke Mweusi aliyetoka Maryland, jimbo la utumwa, akaenda kuishi na mumewe Pennsylvania, ambako utumwa ulikuwa umekwisha kuzuiwa. Watoto wakazaliwa. Mwaka 1837 Edward Prigg na wenzake waliwateka, yeye na watoto, wakawapeleka Maryland kwa madai kwamba ni mali ya mtu. Pennsylvania ilikuwa na sheria ya mwaka 1826 iliyokataza kumteka mtu hivyo, na ikampata Prigg na hatia. Mahakama ya Juu ikaifuta hatia hiyo: Katiba na sheria ya shirikisho ya 1793 zilimpa mwenye mtumwa haki ya kumrudisha, na jimbo halikuweza kuziba njia. Ila ndani ya uamuzi huo huo Jaji Story aliacha ufa: majimbo hayawezi kulazimishwa kutumia maafisa wao kuitekeleza sheria hiyo ya Washington. Massachusetts iliingia kwenye ufa huo mwaka uliofuata, ikawakataza maafisa wake kumkamata mtumwa aliyetoroka na kutumia jela zake kumfungia.

Basi anayesema kwamba kukataa kusaidia ni kuvunja sheria, na amwambie mlinzi wa jela wa Massachusetts kwamba alikosea kutotoa funguo. Mimi siwezi. Nafasi ya kusema "si kwa mkono wangu" ni ya thamani, na haijali imani ya anayeitumia. Masherifu wa bunduki waliitumia. Miji inayokataa kuwakabidhi wahamiaji kwa maafisa wa uhamiaji inasimama juu ya uamuzi ule ule wa kesi ya Printz. Kuna Wakenya huko Marekani wanaoulaani uamuzi huo wakisikia habari za bunduki na kuubariki wakisikia habari za uhamiaji, bila kujua kwamba ni mmoja. Na wazungu wa Montana hufanya vivyo hivyo, kinyume chake.

Lakini Margaret Morgan ananitatiza kwa upande mwingine. Pennsylvania nayo ilimwahidi ulinzi ambao haikuweza kuutoa. Aliishi pale miaka kadhaa chini ya sheria iliyosema hakuna wa kumteka, na akatekwa. Tofauti yake na Kansas iko wapi, basi? Nimelizungusha swali hili muda mrefu, na jibu ninalolipata ni la kuangalia nani alibeba hatari. Margaret hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Hatari ilikuwa juu yake tayari, sheria iwepo isiwepo. Pennsylvania ilijaribu kuipunguza, na ilipovunjiwa sheria ilimfuata mvunjaji, ikabishana naye hadi mahakama ya mwisho. Kansas ilikuta raia asiye na hatari yoyote. Angeweza kujaza fomu, akalipa dola 200, akasubiri, akapata kifaa chake kihalali. Jimbo likamwambia hakuna haja. Hatari haikuwepo, sheria ya jimbo ndiyo iliyoizaa, kisha ikamwachia mtu ailee.

Methali ya fahali wawili na nyasi inakuja haraka mdomoni. Haitoshi hapa. Nyasi hazikuwa zimeahidiwa chochote na fahali yeyote.

Martin Luther King, akiandika kutoka jela ya Birmingham mwaka 1963, alishikilia kwamba anayevunja sheria mbovu kwa dhamiri avunje hadharani na awe tayari kupokea adhabu. Watu hulisoma hilo kama heshima kwa sheria. Mimi naliona pia kama heshima kwa jirani: gharama ya upinzani wako isilipwe na mtu ambaye hukumuuliza. Mwanasiasa anayepinga Washington kwa kutunga sheria ya kupigiwa makofi, huku akijua kwamba mahakama zimeshasema nini, amenunua ujasiri kwa mkopo wa jina la mtu mwingine.

Missouri ilijaribu njia yake mwaka 2021. Sheria yake ilizitaja baadhi ya sheria za shirikisho za silaha kuwa batili ndani ya jimbo, na ikaweka faini ya dola 50,000 kwa idara ya polisi ambayo afisa wake atasaidia kuzitekeleza. Angalau hapa mzigo ulielekezwa kwa maafisa, si kwa mnunuzi moja kwa moja. Lakini matokeo yalikuwa polisi wasiojua wafanye nini wakikuta bunduki kwenye eneo la mauaji na ushahidi unahitaji kupelekwa maabara ya shirikisho. Mkuu mmoja wa polisi katika jimbo hilo alijiuzulu kwa sababu ya sheria hiyo. Mwaka 2023 jaji wa shirikisho aliibatilisha, na Agosti 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye kwa hoja ninayoipenda kwa unyoofu wake: Missouri ina haki ya kunyima msaada, ila haiwezi kuunyima kwa kutangaza kwamba sheria ya shirikisho ni batili. Kukataa ni haki yako, uongo kuhusu sababu ya kukataa si haki yako. Hivyo ndivyo ninavyoisoma mimi, majaji walisema kwa lugha yao.

Sasa tuseme marufuku mpya imekuja. Si jambo la kubuni tu. Kuanzia Septemba 1994 hadi Septemba 2004 ilikuwepo moja ya shirikisho, iliyozuia kutengeneza na kuuza baadhi ya bunduki za nusu-otomatiki na magazini zinazobeba zaidi ya risasi kumi. Bunduki zilizokuwepo kabla ya hapo ziliachwa kwa wenyewe. Ilipotimiza miaka kumi ikafa yenyewe, kwa sababu iliandikwa ife isipohuishwa. Ikirudi nyingine, jimbo litakaloipinga litakuta kwamba lina nguvu pungufu kuliko linavyojigamba na nyingi kuliko Washington inavyopenda. Pungufu, kwa sababu kila mwenye duka la bunduki hufanya kazi kwa leseni ya shirikisho. Hata gavana apige kelele kiasi gani, mwenye duka hataweka rafuni kitu kitakachomnyang'anya leseni. Mlango wa dukani utafungwa Texas na New York siku moja. Nyingi, kwa sababu kilicho nyuma ya milango ya nyumba, na kinachouzwa kati ya jirani na jirani, hakuna atakayekifikia bila polisi wa pale.

Na hapo ndipo kina mtu wa Chanute watakapoongezeka. Sheria isiyo na mikono ya kutosha haifi, inageuka bahati nasibu. Itawapita elfu moja na kumkamata mmoja, na mara nyingi atakuwa yule asiyejificha: aliyeamini, aliyeweka video. Mwenye nia mbaya hakuwa akitegemea ahadi ya jimbo tangu mwanzo.

Upande wa pili nao haujasalimika. Illinois ilipitisha marufuku yake Januari 2023, baada ya watu saba kuuawa kwenye gwaride la Julai 4, 2022 huko Highland Park. Masherifu wengi kati ya wale wa kaunti 102 za jimbo hilo walitangaza kwamba hawatahangaika kutafuta nani amesajili na nani hajasajili. Wengine walijifunika kwa lugha ya Printz, na hapo lazima niwakatize. Uamuzi ule ulimlinda sherifu dhidi ya Washington, serikali isiyo yake. Dhidi ya jimbo lake haumpi kinga hiyo. Kaunti ni mtoto wa jimbo. Anaweza kusema dhamiri yake inakataa, na mtu akiniambia dhamiri nitamsikiliza, lakini basi avue beji ama akubali kuwajibishwa. Ilipofika mwisho wa muda wa kusajili, Januari 1, 2024, waliokuwa wamesajili hawakufika 30,000, katika jimbo lenye watu kama milioni 2.4 wenye kadi ya kumiliki silaha. Si kila mwenye kadi alikuwa na bunduki ya aina hiyo, hilo lieleweke. Hata hivyo ni vigumu kutosikia ndani ya nambari hiyo mwangwi wa sherifu akisema kwenye ukurasa wa kaunti, "kwangu hamna shida." Sheria ya jimbo haikuondoka. Akisimamishwa barabarani na polisi wa jimbo, ama akihamia kaunti nyingine, maneno ya sherifu wake hayatasafiri naye.

Tena jimbo lenye sheria kali huwa na jirani. Ripoti ya jiji la Chicago ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya bunduki zilizofuatiliwa asili yake zilitoka nje ya Illinois, na karibu moja kati ya tano zilitoka Indiana, ambayo kutoka mitaa ya kusini ya Chicago ni mwendo mfupi wa gari.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Kijana wa Kikenya aliyeko Texas kwa viza ya mwanafunzi ataambiwa na wenzake chuoni kwamba tangu Septemba 2021 jimbo halidai kibali kwa mtu mzima kubeba bastola. Ni kweli. Asichoambiwa ni kwamba sheria ya shirikisho inamkataza mgeni mwenye viza ya muda kama yake kushika silaha au hata risasi, isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji au yuko chini ya msamaha mwingine mahususi. Picha moja ya Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha, aliyoituma kwa kikundi cha familia ili binamu wacheke, inaweza kuwa ushahidi. Bangi nayo ni vivyo hivyo: Colorado inaruhusiwa dukani, lakini fomu ya shirikisho ya kununua bunduki inamwonya mnunuzi wazi kwamba kwa Washington bangi bado ni haramu, na mtumiaji wake haruhusiwi silaha. Fomu hiyo naiheshimu kuliko sheria nyingi nilizozitaja. Inamwambia mtu ukweli kabla hajatia sahihi.

Hilo ndilo deni ninalolizungumzia. Sidai majimbo yaipende marufuku. Yakitaka kuzuia mikono yao, yazuie. Historia imenifundisha nisiwanyang'anye nafasi hiyo. Nadai kifungu kimoja tu ndani ya sheria yenyewe, kwa herufi za ukubwa ule ule: "Sheria hii inawahusu maafisa wa jimbo. Wewe raia haikulindi. Maafisa wa shirikisho wakija, utashtakiwa, na sisi hatutaweza kukutoa." Mbunge aliyeileta akisome kifungu hicho kwa sauti kule kwenye duka la bunduki ambako gavana huenda kupigwa picha akitia sahihi, kama alivyofanya gavana wa Missouri mwaka ule.

Mahakama ya rufaa iliyowakatalia wale wa Kansas haikuona haja ya kuamua kama sheria ya jimbo lao ilikuwa halali. Kwa kesi ile haikuwa na uzito. Ilitosha kusema kwamba bunge la jimbo si mwenye mamlaka ya kumweleza mtu sheria ya shirikisho inataka nini, hivyo anayelisikiliza asikiliza kwa hasara yake.